Kukata ncha ya nywele: inakuza ao inakula?

Mwisho wa mwezi, kisha malipo kutoka, saloni za Kenya, za Katuba, za Kamalondo, na zile za kando ya kambi za Likasi na Kolwezi, zinajaa watu tangu asubui ya siku ya posho. Kati ya maneno yote yenye yanasemwa pale, iko moja yenye inarudi kila mara: «Kata kidogo kwenye ncha, itakua mbio.» Yaya wa saloni anaisema, mama mwenye anangojea zamu yake anaitika, na musichana anatoka na nywele fupi kuliko ile aliingia nayo. Nyumbani baba anauliza: mwezi uliopita tulilipa, mwezi huu tunalipa tena, sasa ile nywele ndefu iko wapi?

Watu wanamucheka baba, wanasema mambo ya wanawake hayajui. Sisi tunaona ulizo lake ni la haki. Jibu letu ni hili: kukata hakukuze nywele, wala kwa urefu wala kwa mbio. Kukata kunaweza kusaidia nywele yenye imekwisha kukua isivunjike. Ni vitu viwili mbalimbali, na pale watu wanavichanganya njo franka za nyumba zinapotelea, na mara ingine hata nywele yenyewe.

Tuanzie chini. Nywele inatengenezwa ndani ya ngozi ya kichwa, katika kifuko kidogo chenye kushuka milimita tatu ao ine hivi. Mule chini kuna damu, kuna uzima. Vipande vidogo vya mwili vinazaliwa, vinasukumana kwenda juu, na njiani vinakauka na kufa. Mbele ya kutokea inje vimekwisha kuwa keratini, kitu kilekile cha kucha zetu na cha pembe ya ng'ombe. Ile nywele yenye tunaona na kusuka iko kitu kimekufa. Haina damu, haina mushipa wa kusikia maumivu, na kwa sababu hiyo makasi haitulizi. Kama ncha haisikie kitu, itamwambia muzizi nini? Hakuna njia ya habari kutoka kwenye ncha kwenda chini.

Watu wa Kipushi wataelewa upesi, maana kule wanachimba chini ya ardhi. Mawe yanapanda kwa shimo, yanamwagwa juu, yanafanya lundo. Ukituma kamio kuja kuondoa nusu ya lundo, wale wa chini hawatachimba mbio zaidi juu ya ile. Hawaone lundo. Wao wanafuata nguvu yao, chakula chao, vyombo vyao na pumzi yenye wanapata. Muzizi wa nywele uko vilevile: unafuata damu, chakula, umri, ukoo na afya. Lundo la juu haliujui.

Tunajua mama mumoja kati ya wasomaji atatujibu na lengalenga ya lupango lake: ukiikata, inachipuka na nguvu. Ni kweli kabisa, kwa lengalenga. Shina yake iko muzima mpaka juu, na kando ya kila jani kuna jicho lenye linangojea nafasi ya kutoka. Nywele haina jicho. Ukikata nywele unafanya sawa na kukata kipande cha kamba.

Sasa tupime, maana watu wa kazi wanapenda hesabu. Mwaka 2001, Geneviève Loussouarn, mwanamuke mutafiti wa Ufaransa, alitoa katika gazeti la waganga wa ngozi la Uingereza vipimo vya nywele za vijana 38, wanawake na wanaume, wenye asili ya Afrika ya Kati na ya Magharibi. Nywele zao zilikua kwa kadiri mikroni 256 kwa siku. Za Wazungu, kwa kipimo kilekile, zilikua mikroni 396. Tukitia ile katika lugha ya kila siku: kwetu ni karibu milimita 8 kwa mwezi, kwa Muzungu karibu 12. Kwa mwaka muzima, sisi tunapata sentimita 9 na kidogo, yeye zaidi ya 14. Ni kadiri tu, kila mutu iko na yake, lakini inatosha kwa hesabu yetu.

Angalieni basi musichana mwenye anafuata desturi ya kukata sentimita moja kila mwezi «ili ikue». Kwa mwaka muzima anakata sentimita 12. Muzizi wake umemupa 9. Mwisho wa mwaka iko nyuma sentimita 3, na amelipa saloni mara kumi na mbili kwa kurudi nyuma. Muzungu mwenye kufanya hivyo anabaki bado na sentimita 2 za faida, kwa hiyo yeye anaweza kuamini desturi ile bila kuona hasara. Mashauri mengi ya nywele yenye tunasoma katika magazeti ya Ulaya yaliandikwa kwa kichwa kingine. Haina maana ni uongo wote. Lakini mbele ya kuyafuata, mutu apime kwanza kichwa chake.

Neno hili limepimwa tangu zamani. Katika mwaka 1928, Mildred Trotter, mwalimu wa elimu ya mwili katika Marekani, alitangaza kazi yake juu ya kunyoa na kukua kwa nywele: fasi yenye ilinyolewa haikutoa nywele nene zaidi, wala nyeusi zaidi, wala ya mbio zaidi. Mwaka 1970 waganga wengine wa Marekani walichukua wanaume tano, wakawanyoa muguu mumoja kila juma kwa miezi mingi, ule mwingine wakauacha. Walipolinganisha miguu yote mbili, hawakuona tofauti katika unene wala katika mbio. Kama wembe wenye unakata mpaka kwenye ngozi hauamushe muzizi, makasi ya kwenye ncha, mbali na kichwa, itauamusha namna gani?

Pamoja na ile, hatuwezi kusema watu ni wajinga. Mutu anaamini kitu kwa sababu ameona kitu, na katika jambo hili watu wameona mengi.

Wameona mutoto mudogo. Anazaliwa na nywele laini, wanamunyoa, na ile yenye inafuata inatoka na nguvu. Wanasema wembe umeleta nguvu. Lakini nywele ya kuzaliwa nayo inaanguka yenyewe katika miezi ya kwanza, na ingine inaingia fasi yake, ukinyoa ao usinyoe. Mama mwenye hakunyoa mutoto wake ataona mambo yaleyale, polepole tu.

Wameona kilio. Mujane ananyolewa kichwa chote, na kisha miezi sita kichwa chake kinapendeza kuliko zamani: nywele nyeusi, nzito, sawasawa pande zote. Hapa jicho linadanganya kwa njia ya haki. Ile nywele ya zamani ilikuwa imekula jua, imekula dawa ya kunyoosha, imevutwa na meshi, ncha zake zilikuwa zimevunjika ovyo. Ile mupya yote imeanza siku moja, na hakuna kitu chenye kimeigusa. Iko nzuri kwa sababu iko mupya. Mbio yake ni ileile.

Wameona ndevu. Kijana ananyoa, kesho yake anapapasa shavu, anasikia inachoma, anasema ndevu imekuwa ngumu. Ndevu yenye haijanyolewa bado iko na ncha nyembamba sawa mwiba. Wembe unakata fasi yenye iko nene, na inabaki sawa kisiki. Kisiki kinachoma mukono kuliko ncha laini. Hapa tusimame kidogo, maana kwa wachimbaji jambo hili haliko la uzuri peke yake. Maske ya vumbi inafanya kazi kama mipira yake inashika ngozi. Kama ndevu iko katikati, vumbi linapita kando na kuingia katika mapafu, hata kama maske iko mupya. Kama kuna kijana mwenye anakataa kunyoa kwa kuogopa ndevu itaongezeka, anyoe na moyo mutulivu: haitaongezeka.

Na wameona wanawake wenye wamezaa. Hapa saloni inapata sifa ya bure. Wakati wa mimba nywele nyingi zinabaki kwenye kichwa muda murefu kuliko kawaida, na mama anajiona na kichwa kizito. Kisha miezi miwili, mitatu ao mine ya kuzaa, zile zote zinaanguka pamoja, mukono unatoka umejaa. Mama anaogopa, anaenda kukata. Kisha nywele inarudi, na kwa wengi mambo yanakuwa sawa karibu na wakati mutoto anatimiza mwaka mumoja. Wanashukuru makasi, lakini ilikuwa itarudi tu. Mambo yaleyale yanakuja kisha homa kubwa, malaria ya nguvu ao tifoide: nywele haianguke siku ya homa, inaanguka miezi miwili ao mitatu nyuma, wakati mutu amekwisha kusahau kitanda cha lopitalo, na kwa hiyo anatafuta sababu katika pomade ya juma lililopita ao katika mukono wa jirani.

Basi tutupe makasi? Hapana. Makasi iko na kazi yake, ila si ile yenye wanaitangaza.

Ncha ya nywele ndiyo sehemu yenye iko nzee kuliko zote. Nywele ya sentimita 18 iko na ncha ya miaka miwili hivi. Miaka miwili ya kisanuo, ya sabuni, ya vumbi, ya jua, ya kusugua mutoni. Gamba lake la inje linaisha, na uzi unapasuka mara mbili, sawa kamba yenye mwisho wake haukufungwa. Ule mupasuko unaweza kupanda. Ncha yenye imepasuka inashikana na jirani yake, inafanya kifundo, na siku ya kusanua kisanuo kinavunja zote mbili, si kwenye ncha lakini katikati. Hapo umepoteza sentimita 4 kwa kukataa kukata nusu ya sentimita moja.

Nywele yetu inajikunja, na kila kona ya mukunjo ni fasi ya kuvunjika. Mwaka 2000, munganga wa ngozi Nonceba Khumalo wa Afrika ya Kusini na wenzake waliangalia nywele za Waafrika kwa mikroskopi, wakaona vifundo vingi na ncha nyingi zenye zilikuwa zimevunjika, kuliko katika nywele za Wazungu na za watu wa Asia. Kwa maneno yetu: watu wengi wenye wanalia «nywele yangu haikue» nywele yao inakua kila siku. Inavunjika upande huu kwa kadiri ileile inatoka upande ule. Ni sawa ndoo yenye tobo. Ukiongeza maji ao usiongeze, tobo liko pale.

Kwa hiyo kata wakati unaona sababu, usifuate kalenda. Wakati wa kufungua tresi ndio wakati mwema, kila miezi mitatu ao mine. Shika fungu dogo, liinue mbele ya mwangaza, pitisha vidole kutoka juu kushuka. Kama mwisho unasikia mukavu, unashikana, na unaona nyuzi zimepasuka mara mbili ao vifundo vidogo sawa mbegu ya haradali, ondoa pale tu, milimita chache juu ya mupasuko. Kama vidole vinateremuka bila kushikwa, acha. Na makasi iwe ya nywele, yenye kukata vizuri. Ile ya kukata karatasi za watoto ao wembe muzee inaponda uzi, na kwenye fasi ya kupondwa mupasuko mupya unaanza. Ukienda saloni, sema mbele ya kuketi: kata paka ile imepasuka, na unionyeshe. Yaya mwema hatakasirika.

Hatuna vita na saloni. Wanawake wengi wa kambi wanalisha nyumba kwa ile kazi, hasa wakati malipo ya bwana yanachelewa. Lakini kazi yao nzuri iko mahali pengine, na sehemu kubwa ya tobo la ndoo iko mahali pengine vilevile.

Iko kwanza katika dawa ya kunyoosha, defrizani. Nyingi ziko na soude ndani, ile soude kostike yenye kazini wanatuonya tusiiguse na mikono mitupu. Zile zenye wanaandika juu yake «bila soude» ziko mara nyingi na shokaa ndani, dugu wa ile shokaa ya viwanda vya shaba. Yote miwili inafungua vifungo vya ndani ya nywele ili isijikunje tena, na nywele yenye vifungo vyake vimefunguliwa haina nguvu ile ya mbele. Hatusemi mutu asitie. Tunasema: isirudiwe mbele ya miezi miwili ao mitatu, itiwe tu kwenye nywele mupya ya chini, na ikianza kuchoma, isafishwe palepale. Ile desturi ya kusema «vumilia, inashika» imeacha vidonda na makovu kwenye vichwa vingi. Kovu halitoe nywele tena. Na usiruhusu kuitia kwa mutoto mudogo.

Iko katika kusuka kwa nguvu. Wote tunajua ule usiku wa kwanza wa tresi mupya, wakati mutu hawezi kulala na macho yamevutwa kwenda juu. Watu wanasema ni kawaida. Si kawaida, ni muzizi unalia. Vipele vidogo kwenye mustari wa uso ni malalamiko ya pili. Ya tatu ni ile fasi wazi kando ya masikio, yenye tunaona kwa mama wengi na, kwa huzuni, kwa wasichana wa shule. Katika Cape Town, Khumalo na wenzake waliangalia vichwa na mwaka 2007 wakaandika kwamba karibu mwanamuke mumoja juu ya watatu alikuwa na upara ule wa kuvutwa. Ukigunduliwa mapema na kusuka kukalegezwa, nywele inarudi. Ukiendelea miaka, muzizi unakufa na hakuna makasi, hakuna pomade ya Dubai, hakuna dawa ya sokoni yenye itaufufua. Wengi wanakata ncha kila mwezi ili nywele ikue, na siku ileile wanafunga meshi nzito juu ya muzizi wenye wanauombea kukua.

Tresi isipite miezi miwili ao mitatu kwenye kichwa. Kufungua ni kazi ya saa, si ya dakika. Wenye haraka wanavuta na kukata, na wanakata ile ya wenyewe pamoja na meshi. Na wasiogope lile fungu lenye linatoka siku ya kufungua: kila mutu anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, na chini ya tresi zote zilikuwa zinangojea. Sanua kuanzia kwenye ncha, polepole, ukipanda kuelekea kichwa, na nywele iwe na maji kidogo ao mafuta. Kusanua nywele kavu kutoka juu kushuka kwa nguvu, kama wengi wanafanya asubui wakichelewa, kunavunja kuliko kitu kingine chochote.

Wazee wetu waliijua sehemu hii vizuri. Waluba Shankadi wa upande wa juu wa Lualaba walikuwa na namna ya kusuka yenye kushuka ngazi kwa ngazi sawa maji ya maporomoko. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na mutu hakuitengeneza ili aiharibu usiku mumoja. Walilala shingo juu ya muto wa muti wenye kuchongwa, kichwa hakigusi kitu. Ile mito iko leo katika majumba ya vitu vya kale ya Ulaya, na wachongaji walichonga juu yake wanawake wenye namna ileile ya nywele. Wale watu hawakutafuta urefu kwa kukata. Waliulinda. Leo fulari laini yenye kufungwa usiku inafanya kazi ile ya muto, maana kitambaa cha pamba cha kitanda kinasugua na kukausha. Uzi mweusi wenye mama zetu walizungushia nywele ni wa mafundisho yaleyale: nywele inanyooka bila moto na bila soude, na ncha inafichwa. Wasichana wanasema ni mambo ya mukini. Tungewaomba waangalie vichwa vya hao mama zao wazee, kisha waseme tena.

Kwa wanaume neno ni fupi. Kaske inasugua, jasho na vumbi vinabaki chini yake. Osha kichwa kisha zamu na osha pia ule mukaba wa ndani wa kaske, maana wengi hawakuuosha tangu walipoupokea. Kama vipele vigumu vinatoka nyuma ya shingo, usimuruhusu kwafere kushuka mpaka kwenye ngozi: mwache abakize milimita chache, na vikiendelea onyesha munganga, vinaweza kuwa makovu makubwa. Na wembe uwe mupya kwa kila kichwa. Damu kidogo ya jirani inatosha kuleta ugonjwa wa maini ao sida. Tondezi nayo inabeba ile ugonjwa ya duara-duara ya watoto, yenye inaacha fasi bila nywele. Hiyo inatibiwa na vidonge kutoka kwa munganga, si na kunyoa peke yake.

Tunabaki na jambo lenye limetufanya tuandike ukurasa huu. Kuna watoto wenye wanapelekwa kunyolewa kwa sababu nywele yao imekuwa nyembamba, imepoteza weusi, imekuja nyekundu-nyekundu, na ukiivuta kidogo inatoka. Jirani anashauri: munyoeni, itatoka nyeusi. Wanamunyoa. Inatoka nyekundu tena. Hapa muzizi umekosa chakula, na nywele ndiyo ya kwanza kusema. Mutoto mwenye anakula bukari tupu asubui na magaribi anaweza kushiba tumbo na mwili ukabaki na njaa. Kama pamoja na nywele ile miguu ao uso wake umevimba, kama hachezi tena, kama anakataa kula, hiyo ni kwashiorkor, na inaua. Mupelekeni kwa dispansere siku ileile, wamupime uzito na mukono. Kumunyoa kunafanya kitu kimoja tu: kunaondoa alama yenye munganga angeiona tangu mulangoni. Na mbele mambo hayajafika pale, maharagi, kalanga, ndakala, mayai wakati yako, na sombe yenye kutiwa kalanga, vinafanya kwa nywele kazi yenye hakuna makasi inaweza.

Kwa mama pia. Mwenye anachoka bure, anazunguka kichwa akisimama, ndani ya macho yake kumekuwa kweupe, na nywele inapungua kichwa chote, aombe wapime damu. Upungufu wa damu uko mwingi kati ya wanawake wenye wanazaa karibu-karibu, na nywele inaonyesha ile vilevile.

Kwa wale wenye bado wana mashaka, na tunajua wako, kuna njia ya kupima nyumbani bila kulipa mutu. Siku ya kufungua tresi, chagueni mafungu mawili nyuma ya kichwa, moja kuume, moja kushoto. Nyoosheni kila moja kwa vidole, pimeni na metre ya fundi wa nguo kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye ncha, andikeni hesabu kwenye daftari la mutoto wa shule. Kateni sentimita moja kwa lile la kuume, la kushoto muliache, kisha sukeni zote namna moja, bila kuvuta. Kisha miezi mitatu fungueni, pimeni tena, na muangalie kila fungu limeongeza milimita ngapi tangu siku ile ya makasi. Baba ndiye ashike metre.